Mtaji wa Mshonaji Kofia

Kila Ijumaa misikiti yetu hujaa kofia za viua, na wachache miongoni mwetu hujiuliza ni mkono wa nani uliozishona tundu zile moja baada ya nyingine. Aghalabu ni mkono wa mama aliyeketi ukumbini kwake, Lamu au Mombasa. Wengi wao ni wajane na watalaka, ambao kofia ndiyo unga wao, ndiyo kodi ya nyumba na karo ya watoto. Kofia iliyo bora huchukua wiki nyingi, pengine miezi, na muda wote huo mshonaji hali kwa kofia ile. Hula kwa deni.

Hapo ndipo penye mwiba. Mwenye duka humpa kitambaa na uzi, humwongezea fedha kidogo za matumizi, na kofia ikiisha huichukua kwa bei aipangayo yeye. Hatusemi wafanyabiashara wote ni madhalimu; wamo wenye kumcha Mungu. Lakini anayedaiwa hana kinywa cha kutaja bei. Msusi wa mikeka anayekopa ukindu na rangi yumo katika kamba hiyo hiyo. Ufundi anao, bidii anayo; akosacho ni shilingi elfu chache za kununua vifaa vyake mwenyewe na kumvusha hadi siku ya kuuza.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra nchini Bangladesh, Muhammad Yunus aliwakuta wanawake wakitengeneza viti vya mianzi kwa masharti kama hayo. Alitoa dola 27 tu, zikawatosha watu 42. Huko ndiko ilikochipuka Benki ya Grameen, iliyotunukiwa pamoja naye Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2006. Wazo ni jema, ila benki hiyo hutoza riba, na hapo sisi hatuwezi kuifuata. Tutazame Lahore, Pakistan, ambako mwaka 2001 Dakta Amjad Saqib na wenzake walianzisha Akhuwat. Mkopo wao wa kwanza, rupia 10,000, walimpa mjane, bila riba, naye akaurejesha. Mikopo yao hutolewa misikitini, mbele ya watu.

Hapa Kenya ipo hazina ya serikali ya wanawake iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo mkopo wake wa vikundi umekuwa ukitolewa bila riba ila kwa ada. Mama zetu na waulize ada hiyo ni ya nini: wanazuoni wameruhusu gharama halisi za kuhudumia mkopo, na kinachozidi hapo ni riba hata kikipewa jina jingine. Ama mikopo ya simu, hiyo hata tukiiacha riba yake, haifai kwa kazi hii. Aghalabu inataka kulipwa baada ya muda mfupi, ilhali kofia bado iko nusu!

Kwa hivyo twaziomba kamati za misikiti zitenge fungu la qardh hasan kwa mafundi hawa, na marejesho yafuate kazi: fundi alipe kofia inapouzwa, mkeka unapokwisha. Aya ya 282 ya Suratul Baqara yatufunza kuandika deni na kuweka mashahidi. Ile ya 280 yatutaka tumpe muda aliyebanwa. Zote mbili ziingie katika masharti. Wala mjane asiye na chakula cha usiku asipewe mkopo. Huyo ana haki yake katika zaka, na kumtwika deni ni kumwongezea dhiki.

Daftari la fungu hilo na lishikwe na mwanamke anayejua bei ya uzi sokoni, ambaye mshonaji anaweza kubisha mlangoni kwake bila haya. Mafungu mengi hukwama kwa sababu muhitaji alitakiwa kueleza shida zake mbele ya wanaume kumi.