Karatasi ya Nakshi: Ibandike Vizuri, Ibandue Bila Kuumiza Ubao

Ubao wa mninga ni mali. Mninga hukua polepole katika misitu ya miombo ya Tabora. Mti mkubwa unaopasuliwa mbao leo huenda ulichipua kabla babu yako hajazaliwa. Ukiharibu ubao mmoja, umepoteza fedha. Tena umepoteza kitu ambacho huwezi kukipata upya msimu ujao kama mahindi.

Sasa fikiri jambo hili. Wewe ni seremala wa Kanyenye, Tabora mjini. Mteja amekuagiza ubao wa nakshi wa kuweka juu ya mlango. Anataka uwe na matundu yenye umbo la maua na majani, ili upitishe hewa mwezi wa Oktoba, joto linapozidi. Umechora mchoro kwenye karatasi. Umebandika karatasi juu ya ubao. Umekata kwa siku mbili. Nakshi imetoka safi.

Kazi iliyobaki ni kuondoa karatasi. Unaivuta, haitoki. Unaikwangua kwa kisu. Jani moja linavunjika. Unaimwagia maji mengi ili ilainike. Kesho yake ubao umepinda kama upinde. Mteja yuko mlangoni. Utamwambia nini?

Wengi watasema kwamba fundi huyo amekosea kubandua. Sivyo. Alikosea siku ile aliyobandika. Alitumia gundi iliyokuwa karibu naye, bila kujiuliza itatokaje. Katika makala hii tutaeleza namna ya kubandika karatasi ya nakshi, na namna ya kuibandua.

NAKSHI SI NGENI TABORA

Tabora ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji na kwenda kaskazini kwenye Ziwa Nyanza. Wazungu Burton na Speke walifika hapa mwaka 1857. Walikuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kujenga na kufanya biashara katika nchi ya Wanyamwezi. Misafara hiyo ilibeba vitambaa, shanga na pembe za ndovu. Iliwapeleka pia watu utumwani. Hilo tusilisahau.

Pamoja na biashara, ufundi wa pwani nao ulisafiri. Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji. Hapo pana tembe ambalo Stanley na Livingstone waliishi mwaka 1872. Tazama nakshi za milango yake. Nakshi ya namna hiyo huchongwa kwa patasi. Patasi huchimba ubao lakini haiutoboi mpaka upande wa pili.

Nakshi ya matundu ni aina nyingine. Mfano wake mzuri uko Unguja mjini, kwenye jengo la Zahanati ya Zamani lililo mbele ya bahari. Roshani zake zimepambwa kwa mbao zilizokatwa matundu matundu kama kitambaa cha lesi. Jengo hilo lilikamilika mwaka 1894. Aliyelianzisha ni tajiri Tharia Topan, ambaye alifariki kabla halijakamilika. Tharia Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip mali ya misafara yake. Misafara hiyo ilipita Tabora, na baba yake Tippu Tip aliishi hapa hapa. Kwa hiyo nakshi ile ya Unguja na njia yetu ya zamani ni ndugu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ya miguu ikafifia. Lakini nakshi bado inatakiwa. Watu huiweka juu ya milango, kwenye makabati, kwenye vitanda na kwenye fremu za picha.

KWA NINI TUBANDIKE KARATASI?

Nakshi ya matundu hukatwa kwa msumeno wenye ukanda mwembamba sana wa chuma. Ukanda huo hufungwa kwenye fremu yenye umbo la herufi U. Siku hizi ziko pia mashine za umeme zinazofanya kazi hiyo. Ukitumia mkono au mashine, lazima ufuate mstari.

Unaweza kuchora mstari moja kwa moja kwenye ubao. Kwenye mbao nyeupe jambo hilo linawezekana. Weka karatasi ya kaboni chini ya mchoro, kisha pitisha penseli juu yake. Njia hii haina gundi, kwa hiyo haina shida ya kubandua. Lakini mninga ni wa rangi ya kahawia, na mpingo ni mweusi. Mstari wa penseli hauonekani vizuri, hasa jioni. Tena vumbi la msumeno huufuta. Kwa mbao hizo, karatasi nyeupe iliyobandikwa ndiyo inayofaa.

KABLA YA KUBANDIKA

Fanya mambo manne:

1. Usibandike mchoro wako wa asili. Unakili kwenye karatasi nyingine, au toa kopi dukani. Kisha pima kopi kwa rula. Mara nyingine mashine hupunguza au huongeza ukubwa kidogo. Mchoro wa asili uuhifadhi. Utakufaa kwa mteja mwingine.

2. Piga ubao randa, halafu msasa, mpaka uwe laini. Usiseme utapiga msasa baadaye. Baada ya kukata, sehemu nyembamba zitavunjika ukizisugua kwa nguvu.

3. Futa vumbi lote. Gundi ikishika vumbi haishiki ubao. Karatasi itainuka katikati ya kazi, nawe utapoteza mstari.

4. Tafuta kipande kidogo cha mti ule ule. Bandika kipande cha karatasi kwa gundi unayotaka kutumia. Kiache mpaka kesho. Kisha kibandue. Kikitoka vizuri, endelea. Kisipotoka, umeharibu kipande cha kutupa tu. Hujaharibu ubao wa mteja.

NJIA YA KWANZA: GUNDI YA UNGA

Hii ni gundi ya gharama ndogo, na kila nyumba inaweza kuitengeneza. Chukua kijiko 1 cha unga wa ngano au wa muhogo. Koroga kwa maji baridi vijiko 5, mpaka mabuje yaishe. Pika kwa moto mdogo huku ukikoroga, mpaka uwe uji mzito unaong'aa. Uache upoe.

Paka uji huo nyuma ya karatasi, wala si kwenye ubao. Paka kidogo sana. Karatasi ikilowa hutanuka, na mchoro wako utaongezeka ukubwa. Laza karatasi juu ya ubao. Anza kuisugua katikati kwa kitambaa, ukienda pembeni, ili hewa itoke. Weka kivulini mpaka ikauke kabisa. Usiweke juani, kwani ubao mwembamba utapinda.

Kubandua: Lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, kisha kikamue. Kilaze juu ya karatasi kwa dakika 10. Usimwage maji. Karatasi ikilainika, anza kuitoa pembeni, polepole. Futa uji uliobaki kwa kitambaa kingine chenye unyevu. Usiache hata kidogo, maana unga huita mende. Kisha weka ubao juu ya vijiti, kivulini, ili hewa ipite juu na chini. Weka vijiti vingine na uzito juu yake usipinde. Ukikauka, utaona nyuzi za mti zimesimama kidogo. Pitisha msasa laini kwa mkono mwepesi.

Njia hii inafaa kwa mbao ngumu zenye unene wa kutosha. Haifai kwa plaiwudi nyembamba wala kwa nakshi nyembamba kama uzi. Maji yataiumiza.

NJIA YA PILI: TEPU CHINI, KARATASI JUU

Nunua tepu ya karatasi, ile inayotumiwa na wapaka rangi wa magari. Funika uso wote wa ubao kwa tepu hiyo. Panga vipande ubavu kwa ubavu, visipandane. Kisha bandika mchoro wako juu ya tepu kwa gundi yoyote ya karatasi. Gundi inashika tepu, haigusi ubao. Hapo ndipo penye faida.

Kubandua: Inua ncha ya tepu kwa ukucha. Vuta polepole, huku tepu ikiwa imelala karibu na ubao. Usiivute kwenda juu, kwani itang'oa majani na maua yako. Fuata nyuzi za ubao, usizikate. Mkono mmoja uvute, na mkono wa pili ushikilie sehemu nyembamba. Tepu ikiwa ngumu, ipashe moto kidogo. Laza kitambaa kikavu juu yake, kisha pitisha pasi yenye joto kidogo. Gundi ya tepu italainika.

Usiache tepu kwenye ubao kwa majuma mengi, hasa mahali penye joto. Gundi yake itakauka na kung'ang'ania. Bandika leo, kata kesho, bandua mara unapomaliza.

NJIA YA TATU: GUNDI YA MPIRA

Hii ni gundi inayofanana na ile ya fundi viatu. Paka safu nyembamba nyuma ya karatasi tu. Ngoja mpaka ikaribie kukauka, kisha bandika. Haina maji, kwa hiyo karatasi haitanuki na ubao haupindi.

Kubandua: Chovya kitambaa katika tapentaini, kilowe kidogo. Pitisha juu ya karatasi mpaka ilowe. Ngoja dakika chache, kisha vuta. Futa mabaki kwa kitambaa safi chenye tapentaini. Mafuta ya taa nayo hufanya kazi hiyo, lakini huacha mafuta kwenye ubao. Ukiyatumia, acha ubao siku kadhaa kabla ya kupaka vanishi.

Hapa kuna hatari. Tapentaini na mafuta ya taa hushika moto. Fanya kazi nje, mbali na jiko na sigara. Vitambaa ulivyotumia usivikunje wala kuvirundika. Vitandaze nje vikauke. Petroli usiitumie kabisa.

Na gundi nyeupe ya seremala? Hiyo ni ya kuunga mbao. Imetengenezwa ili isitoke. Ukibandikia mchoro moja kwa moja, utaiondoa kwa msasa tu, na pengine na ubao wenyewe. Iache ifanye kazi yake.

WAKATI WA KUKATA

Toboa tundu dogo kwa keekee katika kila sehemu itakayotolewa. Pitisha ukanda wa msumeno, kisha uufunge. Kama mpini uko chini ya ubao, meno yaelekee chini. Kata matundu ya ndani kwanza, ukingo wa nje mwisho. Ukianza na ukingo, ubao utakosa nguvu na utatetemeka. Pitisha msumeno upande wa sehemu inayotupwa, karibu na mstari.

Tabora ni nchi ya asali, na penye asali pana nta. Sugua nta kidogo kwenye ukanda wa msumeno. Utateleza vizuri na hautapata joto upesi. Lakini usipake nta kwenye ubao kabla ya kubandika. Gundi haitashika.

Funga kitambaa puani na mdomoni. Vumbi la mninga huwasha ngozi ya watu wengine na huwaletea wengine pumu.

Karatasi ikiinuka pembeni wakati unakata, simama. Ibandike tena kabla ya kuendelea. Usikate kwa kukisia. Na usiibandue mpaka tundu la mwisho limekatwa.

BAADA YA KUBANDUA

Inua ubao kwenye mwanga, uutazame kwa upande. Mahali penye gundi patang'aa au pataonekana na ukungu. Pafute tena. Ukipaka vanishi juu ya gundi, patabaki doa jeupe, na mteja ataliona kabla hajaona maua yako.

Ndugu msomaji, rudi sasa kwa yule seremala. Kama angebandika kipande kimoja cha majaribio siku ya kwanza, angejua yote mapema. Kipande hicho kingemgharimu usiku mmoja wa kungoja. Sasa amepoteza siku mbili, ubao wa mninga na imani ya mteja. Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka. Kabla hujabandika karatasi yako, jiulize kwanza: itatokaje?

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini karatasi ya mchoro inafaa zaidi kwenye mninga na mpingo kuliko mstari wa penseli?
2. Gundi ya unga ina faida gani? Ina hasara gani?
3. Kwa nini tepu haivutwi kwenda juu?
4. Katika sehemu yenu, mafundi hutumia gundi gani? Jaribuni njia mbili kwenye vipande vya mti mmoja, kisha linganisheni.