Upara wa mapema: piga hesabu ya mwaka, si ya chupa

KIJANA wa miaka 25 akiona nywele za mbele zinarudi nyuma, muuzaji wa mafuta humfikia kabla ya daktari. Kwa anayevuka mpaka kila wiki kishawishi ni kikubwa zaidi, maana kila soko lina chupa yake.

Kwanza jua chanzo. Upara wa kurithi huanzia pembeni mwa paji la uso au utosini, polepole. Nywele zikinyonyoka kwa mabaka, au kichwa kikiwasha na kutoa magamba, huenda ni mapunye au ugonjwa mwingine wenye tiba yake.

Kwa upara wa kurithi, dawa mbili zimethibitika kusaidia wanaume wengi. Minoksidili hupakwa kichwani. Finasteridi ya miligramu 1 humezwa kila siku kwa cheti cha daktari. Matokeo huchukua miezi kadhaa, na ukiacha dawa, nywele ulizookoa hupotea tena.

Finasteridi inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa baadhi ya wanaume. Mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika.

Anayewaza kuleta dawa hizo kwa biashara akumbuke kwamba kila nchi ina msajili wake: TMDA Tanzania, NDA Uganda, Bodi ya Famasia na Sumu Kenya. Usajili wa upande mmoja si kibali cha kuuza upande wa pili.

Asiyetaka gharama hiyo ya kila mwezi bado ana kinyozi: kunyoa chote hakudhuru afya.