Mtoto hahitaji miujiza ndipo afunguliwe mlango

Hujafa hujaumbika, walinena wahenga. Wanafunzi wetu huikariri methali hii, huiandikia insha, mwalimu akatia alama ya vyema na mambo yakaishia hapo. Ni wachache wanaoichukua hadi nje ya daftari na kuuliza: je, yule aliyeumbika tofauti na sisi tangu siku ya kuzaliwa yuko wapi? Mbona hatumwoni darasani, kanisani, msikitini wala sokoni?

Ili kulijibu swali hili, tuanze na jambo ambalo vijana hulifahamu kuliko methali, nalo ni katuni za televisheni. Wazee wengi huzidharau kwa kudhani kuwa ni mchezo mtupu. Hata hivyo, zipo zilizobeba mafunzo mazito, na mojawapo ni X-Men, iliyobuniwa Marekani mwaka 1963 na Stan Lee pamoja na Jack Kirby kama hadithi ya picha, kisha ikaonyeshwa kama katuni ya televisheni kuanzia mwaka 1992 hadi 1997. Wahusika wake huitwa mutanti, yaani watu waliozaliwa na mabadiliko katika chembe za urithi. Hawakutoka sayari nyingine kama Superman, yule mgeni wa Krypton aliyelelewa Kansas na kujificha nyuma ya miwani ili adhaniwe kuwa mtu wa kawaida. Mutanti huzaliwa na wazazi kama wangu na wako, katika nyumba kama yangu na yako. Majirani wakiwatambua huwaogopa na kuwafukuza, na kwa sababu hiyo wengi wao huishi kwa kujificha.

Msomaji wa Bonde la Ufa ana fungu lake katika hadithi hiyo. Mhusika Storm, ambaye jina lake halisi ni Ororo Munroe, alibuniwa mwaka 1975 na Len Wein na Dave Cockrum. Mama yake ni Mkenya, na Profesa Xavier anapokuja kumwita ajiunge na kundi lake, anamkuta papa hapa Kenya akiwaletea mvua watu walioteswa na ukame. Kwao yeye ni mungu wa kike. Kwa nini hakufukuzwa? Kwa sababu tofauti yake ilikuwa na faida. Jambo hili tuliweke akilini, kwa maana tutalirejea.

Katuni hiyo ina makundi mawili ya waliotengwa. La kwanza ni la wanafunzi wa Profesa Xavier, wenye jumba zuri, mwalimu na vipawa vya kuiokoa dunia. La pili ni la Morlocks, mutanti ambao aghalabu sura zao haziwaruhusu kupita barabarani bila ya kukodolewa macho. Hao huishi katika mitaro chini ya jiji la New York, na jamii yao ni wao kwa wao. Hakuna aliyewaalika juu, wala hakuna anayejua idadi yao.

Sasa na tushuke hadi Mai Mahiu. Mji huu, ambao jina lake kwa Kikikuyu lina maana ya maji ya moto, uko chini ya mteremko wa Bonde la Ufa katika Kaunti ya Nakuru, pale ambapo barabara ya kwenda Narok huachana na ile ya kwenda Naivasha. Watu hupita hapo mchana na usiku: madereva wa malori, wachuuzi, watalii waelekeao Maasai Mara. Mji wa namna hii ungedhaniwa hauwezi kuficha kitu. Lakini humo humo, kama ilivyo katika miji na vijiji vingi vya nchi yetu, kumekuwa na watoto ambao ulimwengu wao wote ni chumba kimoja: mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kukaa bila kushikiliwa, mwenye usonji, mwenye kifafa, mwenye akili iliyochelewa kukua. Hao ndio Morlocks wetu, ila hawako chini ya ardhi. Wako nyuma ya pazia.

Katika miaka ya 2000, shirika la Comfort the Children International lilianza kuwakusanya watoto wa aina hiyo mjini Mai Mahiu ili wapate mafunzo na mazoezi ya viungo. Mama zao nao, waliokuja kujulikana kama Malaika Mums, wakafundishwa kushona, na mifuko waliyoishona ikauzwa hadi ng'ambo. Yafaa kuitazama kazi hiyo kwa makini. Mama aliyekuwa akidhani kuwa ni yeye peke yake aliyepatwa na jambo hilo alimkuta mwenzake, na wa pili akamkuta wa tatu. Siri ya nyumba moja ikawa habari ya watu kadhaa, na habari ya watu kadhaa haiitwi tena laana.

Tusiwe wepesi wa kuwahukumu wazazi. Ni kweli kwamba wapo wanaoficha kwa aibu, na wapo akina baba waliotoroka na kumwachia mke lawama, wakisema katika ukoo wao jambo hilo halijapata kutokea. Lakini mlango uliofungwa kwa kufuli si lazima uwe mlango wa chuki. Mama anayeishi kwa vibarua hulazimika kuondoka alfajiri. Iwapo hana wa kumwachia mtoto asiyejua hatari ya moto wala ya barabara, atafanyaje? Hufunga mlango kwa sababu anampenda, kisha hushinda shambani roho mkononi. Mzazi kama huyo hahitaji hotuba. Anahitaji mahali salama pa kumpeleka mtoto.

Kuna pia hofu ya orodha. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya katuni ile, msichana Jubilee anaandikishwa na walezi wake kwa shirika fulani wakidhani wanamsaidia, kumbe orodha hiyo hutumiwa na maroboti makubwa kuwasaka walioandikwa. Hapa kwetu mambo ni kinyume. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, huandikisha watu ili wapate misaada na haki zao. Hata hivyo, mzazi aliyezoea dharau haoni tofauti kati ya orodha ya kusaidia na orodha ya kuaibisha.

Matokeo yake yumkini yamo katika takwimu. Sensa ya mwaka 2019 ilipata kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wa umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu, yaani watu wapatao 900,000. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba kwa dunia nzima kiwango hicho ni takriban asilimia 16. Pengo hilo halitokani na kuficha peke yake, kwani maswali huulizwa kwa namna mbalimbali, na nchi zenye wazee wengi huwa na walemavu wengi. Lakini hesabu ya mlangoni hutegemea jibu la mwenye nyumba, na asiyetajwa hatengewi dawati, mwalimu wala dawa.

Asiyejulikana huwa hatarini zaidi siku ya maafa. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yalipasua njia chini ya tuta la reli upande wa Old Kijabe, yakateremka kwa kishindo hadi Mai Mahiu na kuua makumi ya watu. Hapakuwa na Storm wa kuiamuru mvua ikome. Waliookolewa waliokolewa na binadamu, nao binadamu humtafuta yule wanayemjua. Jirani ambaye hajui kuwa nyumba ya tatu ina mtoto asiyeweza kutembea, atamwendeaje maji yajapo?

Hapa ndipo katuni ile inapopungukiwa. Inatufundisha vyema kwamba kujificha huumiza na kwamba jamii huponya. Lakini inamkaribisha mtu tofauti kwa sharti moja, kwamba awe na kipawa cha kutufaa. Storm alete mvua, Superman azuie treni. Sisi nasi hufanya vivyo hivyo. Humsifu kipofu aliyepata shahada na mkimbiaji mwenye mguu mmoja aliyerudi na nishani, nao wanastahili sifa hizo. Je, mtoto wa Mai Mahiu ambaye ushindi wake wa mwaka mzima ni kushika kijiko? Yeye hana miujiza ya kutulipa. Wale mama hawakumpokea kwa sababu ya faida yake. Walimpokea kwa sababu ni mtoto, basi.

Sasa neno hili linawafikia walimu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufika katika taasisi za elimu, na pia haki ya kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Najua jibu la mwalimu mwenye wanafunzi sitini chumbani: nitamfundisha vipi huyu bila msaidizi, bila vifaa, na wastani wa shule ukishuka nilaumiwe? Malalamiko hayo ni ya haki, na serikali yapasa kuyasikia, kwa maana kumweka mtoto nyuma ya darasa bila kumhudumia ni kumhamisha tu kutoka pazia moja hadi jingine. Lakini vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu vilianza nchini mwaka 1984, na taasisi ya KISE ya kuwaandaa walimu wao iliundwa mwaka 1986. Mwalimu mkuu anayemrudisha mzazi langoni bila hata kumwelekeza kwenye kituo hicho hana udhuru.

Nanyi wanafunzi mna kazi ya lugha. Kiswahili kimewapa kilema, kiziwi na kibeti kiambishi kile kile cha kiti na kisu. Sarufi haina kosa, lakini ulimi una hiari. Aitwaye kwa jina lake katika uwanja wa mchezo hawi siri tena.

Shime basi. Muhula ujao, kila shule iulize katika mkutano wa wazazi swali moja tu: ni mtoto gani wa mtaa huu ambaye hatujapata kumwona? Litakapojibiwa, asiulizwe anajua nini wala ataongeza nini. Afunguliwe mlango kwanza.