Neno ambalo binti yangu alilitoa mezani kwangu

SIMU iliita nikiwa kwenye foleni ya Petite Barrière, magunia mawili ya karoti yakiwa juu ya baiskeli ya magurudumu matatu ya kijana mlemavu anayenivushia mizigo kwenda Goma. Ilikuwa Machi 2025. Aliyepiga ni prefe wa nidhamu wa shule anakosoma binti yangu, hapa kwetu Cyanzarwe. Cheo chake siku hizi kina jina la Kiingereza, lakini sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunamwita prefe mpaka leo.

“Mzee, naomba ufike kesho asubuhi,” alisema. “Si mambo ya ada.”

Mzazi yeyote mwenye mtoto katika shule ya binafsi anajua kwamba simu isiyohusu ada ndiyo ya kuogopa. Ya ada unaweza kuijibu kwa kuomba wiki mbili.

Jina la shule sitalitaja, kwa sababu ndani ya habari hii yumo mtoto wa watu. Itoshe kusema kwamba ni shule ya mchanganyiko, wavulana kwa wasichana, iliyoanzishwa na wazazi na inayoendeshwa kwa ada ya wazazi. Ukisimama uwanjani siku isiyo na mawingu unaliona Nyiragongo likifuka moshi. Watoto wote wamenyolewa nywele, wa kike na wa kiume, kiasi kwamba ukiwa mbali huwezi kujua yupi ni yupi. Jioni wanakula kawunga na maharage kwenye meza za watu kumi kumi, na zamu ya kuosha masufuria haichagui. Nakumbuka mzazi mmoja, mkutanoni, alilalamika kwamba mwanawe wa kiume anasuguishwa masufuria wakati wasichana wapo. Mwalimu mkuu alimwuliza kama mwanawe hali. Tulicheka, yule baba akakaa chini.

Nilimpeleka binti yangu pale kwa sababu nilitaka ajue Kiingereza. Tangu mwaka 2009, nchi ilipoacha kufundisha kwa Kifaransa, mzazi wa rika langu hawezi hata kumsaidia mwanawe kazi ya nyumbani. Mambo ya maadili, kusema kweli, sikuyawaza. Niliamini hayo nimeyamaliza nyumbani.

Nilipofika, prefe alinipa kiti akafunga mlango. Akanieleza kwamba mnamo Februari walipokea mvulana kutoka Goma. Ndugu wasomaji mnaovuka mpaka mnaikumbuka Januari ile: M23 walipouteka mji, risasi na mabomu yakafika hadi huku Rubavu yakaua watu, na familia nyingi zikavuka na kilichobebeka. Mvulana huyo alikuwa mmoja wao. Kinyarwanda chake ni cha kuokoteza, Kiingereza hana. Darasani walimpanga meza moja na binti yangu. Siku ya pili binti yangu alisimama mbele ya wenzake akasema hakai na “Mkongomani mwizi”.

“Mkongomani ni uraia, si tusi,” prefe alisema. “Shida ni namna alivyolitamka. Na hilo la pili. Nilimwuliza kalitoa wapi. Akaniambia, nyumbani.”

Nilitaka kukataa, lakini ulimi ulikuwa mzito. Nina mteja wangu wa Birere, mtu niliyempa vitunguu kwa mali kauli miaka mingi bila tatizo. Goma ilipochukuliwa, benki zikafungwa na fedha taslimu zikaadimika. Akashindwa kunilipa. Wenzangu wa biashara hawahitaji kuelezwa zaidi, wengi wana daftari kama langu. Basi kila jioni nilikuwa nakaa mezani na kulaani, na sikumlaani mtu mmoja anayenidai radhi. Nililaani wote, kwa jina la nchi yao. Binti yangu, aliyekuwa nyumbani wakati shule zimesimama kwa sababu ya mapigano, alikuwa anakula na kusikiliza.

Aibu yenyewe ni hii: mimi nimezaliwa Masisi.

Nilikuwa mtoto mdogo wakati sheria ya Zaire ya mwaka 1981 ilipowavua wengi wetu uraia. Mwaka 1993 vita vya Masisi vilitukuta tukiwa bado kule. Mwaka 1994 tukaingia Gisenyi, barabara ileile ambayo mwezi Julai umati mkubwa wa wakimbizi ulikuwa umeipita kwenda upande tuliokuwa tunautoka. Nikaingizwa shule nikiwa na ndevu zinazoanza, nikakaa na watoto wadogo, na kwa wiki ya kwanza sikuwa na jina. Nilikuwa “Mdubai”. Waliorudi siku zile wanakumbuka: wa Kongo tuliitwa Wadubai, wa Uganda Wasajya, wa Burundi Wajepe. Wengine walicheka. Mimi niliumia, kwa sababu kule Masisi nilikuwa nimeitwa Mnyarwanda kwa sauti ileile.

Sikumweleza prefe hayo yote, ila nilimwambia nimetoka Masisi. Alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua. Kisha akaniambia jambo ambalo nililijua lakini sikuwa nimelihusisha na shule ya mwanangu. Kabla ya 1994, alisema, mwalimu aliweza kuingia darasani na kuagiza Wahutu wasimame, kisha Watutsi, na kuandika. Nafasi za sekondari za serikali zilikwenda kwa mgao wa kabila na mkoa. Ndiyo maana wazazi ambao watoto wao walifungiwa mlango walichangishana wakajenga za kwao. APACOPE ya Kigali, iliyoanzishwa mwaka 1981, ni mfano unaojulikana. Kwa hiyo shule ya wazazi katika nchi hii, kwa maneno yake, ilizaliwa ili kuwe na mahali ambapo mtoto haulizwi ametoka wapi.

“Sasa wewe unalipa ada hapa,” akasema, “halafu binti yako anauliza.”

Ukutani nyuma yake palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mwanafunzi, tarehe 18 Machi 1997. Kila Mnyarwanda anaijua habari ya Nyange, wilaya ya Ngororero, na kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa, tunaisikia tena. Waasi waliingia usiku wakati wanafunzi wa madarasa ya juu wakijisomea, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Wakarushiwa mabomu na kupigwa risasi. Waliokufa walikuwa wavulana na wasichana, na leo wanafunzi wa Nyange wamo katika daraja la Imena la mashujaa wa taifa. Mimi nilikuwa na umri wa karibu na wao. Miaka yote nimesikiliza habari hiyo nikiwaza bunduki. Siku ile, katika ofisi ya prefe, niliwaza maisha yao kabla ya usiku ule: meza zao, masufuria yao, nani alikaa na nani. Watu hawapati jibu kama lile ghafla mbele ya mtutu kama hawakuwa wamelizoea mchana.

Nilidhani binti yangu atafukuzwa wiki mbili, na nusu ya moyo wangu iliomba iwe hivyo, yaishe. Hapana. Adhabu ilikuwa kwamba hahami meza. Mpaka mwisho wa mwaka angekaa na mvulana yule, amfundishe Kinyarwanda cha darasani, na yeye amfundishe binti Kiswahili cha Goma, kwa kuwa mtihani wake wa Kiswahili ulikuwa aibu. (Kiswahili ni lugha rasmi hapa tangu 2017, na mimi ninayekula kwa Kiswahili sikuwahi kumfundisha.) Alilia. Aliniandikia barua akiniomba nimhamishe. Mke wangu alitaka nikubali. Ada ya muhula ule nilikuwa nimeilipa kwa shida, na shule ya serikali iko karibu na nyumbani kwa ada ndogo. Kwa siku tatu nilikuwa nayo barua ile mfukoni hadi mpakani na kurudi.

Sikumhamisha.

Likizo ilipofika alikuja nyumbani na begi lake na hakusema lolote kuhusu mvulana yule, nami sikuuliza. Jioni ya pili simu yangu iliita mezani, mwenzangu wa sokoni akiuliza kama nimelipwa. Nikaanza kama kawaida yangu: “Hawa Wakong...”

Kijiko cha binti yangu kilisimama hewani. Hakunitazama mimi, alitazama sahani.

“Mteja wangu wa Birere,” nikasema kwenye simu, “bado hajapata fedha. Benki hazijafunguliwa.”

Akaendelea kula. Baadaye, akikusanya vyombo, aliniuliza kwa Kiswahili, Kiswahili cha Goma kabisa, kama sufuria nioshe mimi au aoshe yeye.