Kiungo Kinachokufa Upande Mmoja

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 huko Chimwaga, kina ndaki zilizotawanyika katika eneo kubwa la vilima. Majengo yaliyo mbalimbali namna hiyo huunganishwa kwa mikongo yenye nyuzi za kioo zipitishazo mwanga. Kwa kawaida kiungo kimoja hutumia nyuzi mbili, mmoja wa kupeleka habari na mwingine wa kupokea. Na katika kila jengo huwekwa swichi, chombo kinachoelekeza habari za kompyuta kule zinakotakiwa.

Greda likikata mkongo mzima, mwanga hutoweka na swichi hutambua papo hapo. Kinachosumbua ni kiungo kinachokufa upande mmoja tu huku taa za swichi zikiendelea kuwaka. Hutokea hivyo mafundi wanapounga upya mkongo na kukosea jozi za nyuzi, au penye kigeuzi kati ya swichi na mkongo.

Ubaya wake huonekana pale majengo matatu yanapounganishwa kwa umbo la pembetatu. Mlango mmoja hufungwa makusudi ili habari zisizunguke bila kikomo. Itifaki inayoufunga ilibuniwa na Radia Perlman wa Marekani mwaka 1985. Mlango huo hubaki umefungwa kwa sababu unaendelea kusikia jumbe za jirani yake, zinazotumwa kila baada ya sekunde 2. Usiposikia chochote kwa sekunde 20, hudhani njia nyingine imekufa. Hungoja sekunde 30 zaidi, kisha hufunguka. Kumbe njia zote bado zinapeleka! Habari huanza kuzunguka, na kwa kuwa Ithaneti haihesabu mizunguko, mtandao wote husongwa.

Dawa yake ni swichi kuulizana. Katika itifaki iitwayo UDLD, iliyobuniwa na kampuni ya Cisco na kuelezwa hadharani mwaka 2008, kila swichi hutuma jina lake pamoja na orodha ya majirani iliowasikia. Swichi isiyoona jina lake katika orodha ya jirani hujua kwamba haisikiki, nayo huufunga mlango.

Hapo ndipo upangaji wa muda unapohitaji akili. Ujumbe ukitumwa kila baada ya sekunde 15, jirani husahauliwa baada ya jumbe tatu kukosekana, yaani sekunde 45: hubaki sekunde 5 tu kabla ya zile 50 kutimia. Lakini toleo la haraka la itifaki ya Perlman, lililotolewa mwaka 2001, hungoja sekunde 6 tu, hivyo muda wa sekunde 15 haufai kitu. Swichi nyingi mpya huruhusu sekunde 1. Hata hivyo swichi iliyoelemewa na kazi huweza kuchelewesha jumbe, na kiungo kizima kikafungwa bure.

Itifaki hiyo sharti iwashwe pande zote mbili. Swichi isiyojibu haiwezi kuchunguzwa. Mlango uliofungwa nao haufunguki wenyewe, isipokuwa fundi ameamuru hivyo, na kama uzi haujaungwa, utafungwa tena.