Tumsome Zainabu Makame upya

Mtaje mwandishi Ken Walibora mjini Kitale, na aliyeisoma Siku Njema darasani atakusimulia habari za Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga aliyevuka mpaka kuja huku kumtafuta babake. Safari hiyo kweli ndiyo uti wa mgongo wa riwaya hiyo ya mwaka 1996. Hata hivyo, naona wengi wetu tuliisoma nusu tu.

Nusu nyingine ni Zainabu Makame, mama yake Kongowea. Ni mwimbaji wa taarabu anayemlea mwanawe bila mume nyumbani. Mapenzi ya kijana huyo kwa Kiswahili yana chimbuko lake hapo, kwenye sauti ya mama. Baba hayupo, lakini ndiye anayetafutwa, kana kwamba bila yeye mtoto hajawa mtu kamili.

Wasomaji wa Bungoma na Trans Nzoia hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Huku mtoto huulizwa kwanza ni wa nani, na jibu linalotarajiwa ni jina la baba na ukoo wake. Sheria nayo ilimwacha mama peke yake kwa muda mrefu. Mwaka 1969 Bunge la Kenya lilifuta sheria iliyomruhusu mama asiyeolewa kumdai baba matunzo ya mtoto mahakamani. Ilibidi Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, itamke wazi kwamba wazazi wote wawili wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Siku Njema ilitoka katikati ya kipindi hicho, na vijana wengi walioisoma shuleni walikuwa wana wa akina Zainabu.

Wala si huku tu ambako jinsia huamua nani ana haki. Mwaka 1928 Virginia Woolf wa Uingereza aliandika Orlando, riwaya ya mwanamume anayeamka siku moja akiwa mwanamke na kuishi zaidi ya karne tatu. Nafsi yake ni ileile, lakini akirudi kwao anakuta kesi za kumnyang'anya mali zikimngoja. Woolf alimchora rafiki yake, Vita Sackville-West, aliyekosa kurithi jumba la Knole kwa sababu tu ni mwanamke; likaenda kwa ami yake. Kwa Woolf, jinsia inamnyima mtu nyumba. Kwa Walibora, ukoo wa baba unamfunika mama aliyelea.

Walibora mwenyewe, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Trans Nzoia, alilijua hilo. Tawasifu yake ya 2014 aliiita Nasikia Sauti ya Mama. Miaka kumi na minane baada ya kumtuma Kongowea amtafute baba, alimrudia mama, safari hii kwa jina la kitabu kizima.

Walimu wa Kiswahili wa Kitale na Bungoma, nawasihi: mkiifundisha tena Siku Njema, msianze na safari ya Kongowea. Anzeni na Zainabu, na mwulizeni kila mwanafunzi amepata nini kwa mama aliyemlea.