Kitabu cha Matoleo kama Ushuhuda: Juu ya Kutunza Kumbukumbu za Michango katika Vyuo Vidogo vya Kanisa

Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza kwa nini kumbukumbu za michango ya chuo kidogo zinastahili kutunzwa, na kwa njia gani. Kwa desturi, vitabu vya matoleo, stakabadhi na barua za wahisani hutunzwa kwa ajili ya mkaguzi wa hesabu. Ukaguzi ukiisha, huwekwa stoo, na huko mchwa na unyevu wa masika huvila taratibu. Hoja yetu ni kwamba nyaraka hizo ni sehemu ya historia ya Kanisa, na kwamba kuzipoteza ni kuwadhulumu waliotoa.

1. Funzo la Litowa

Sisi tulioko Songea tunao mfano wa karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walianzisha kijiji cha ushirika huko Litowa. Kutokana na juhudi hizo kilizaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichounganisha vijiji kadhaa. Walilima pamoja, wakaendesha mashine ya kusaga na ya kupasua mbao, na walijenga shule ambayo watoto wa vijiji vya chama walisoma, wakishiriki pia kazi za kijiji. Misaada ya wahisani wa nje ilikuwapo, lakini nguvu kubwa ilikuwa ya wanakijiji wenyewe. Mwalimu Nyerere aliithamini sana kazi hiyo, na alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, wengi waliona ndani yake mambo yaliyokuwa yakitendeka Litowa. Hata hivyo, mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kukivunja chama hicho. Mali zake zilichukuliwa na walimu wa shule wakatawanywa.

Leo anayetaka kuijua habari ya Litowa kwa urefu husoma vitabu kama kile cha Kate Wenner, Mmarekani aliyeishi huko, kilichotoka mwaka 1970, na kile cha Ralph Ibbott, Mwingereza aliyekuwa mshauri wa chama, kilichotoka mwaka 2014. Vyote viwili ni kwa lugha ya Kiingereza, na vyote viwili viliandikwa na wageni. Tunawashukuru wageni hao, kwani bila wao tungejua machache. Lakini jambo hili litufikirishe. Mgeni huandika barua, hutunza nakala, na hurudi kwao nazo. Mwenyeji aliyefyatua matofali na kupanda mahindi haandikiwi stakabadhi.

Hatari hiyo hiyo inavikabili vyuo vyetu. Mhisani wa ng'ambo hudai taarifa, kwa hiyo mchango wake huwa na faili. Gunia la maharage la usharika wa kijijini, mbuzi aliyenadiwa baada ya ibada, na siku tatu za msaragambo wa akina mama waliosomba mchanga, hayana faili. Baada ya miaka hamsini mwanahistoria atafungua kabati, na atasema kwa haki kabisa, kwa kadiri ya ushahidi alio nao, kwamba chuo kilijengwa na watu wa ng'ambo. Hatakuwa amesema uongo kwa kusudi. Sisi ndio tutakuwa tumemfundisha uongo huo.

2. Ushuhuda wa Maandiko na wa Matengenezo

Biblia haioni haya kuandika hesabu. Katika Kutoka 38:21–31 imo taarifa kamili ya vitu vilivyotolewa kwa kazi ya maskani, iliyoandikwa chini ya uangalizi wa Ithamari, mwana wa Haruni. Waliohesabiwa ni watu 603,550, na kila mmoja alitoa nusu shekeli. Jumla ni talanta 100 na shekeli 1,775 za fedha. Msomaji akipiga hesabu, kwa shekeli 3,000 katika talanta moja, ataona kwamba inalingana bila pungufu. Kisha inaelezwa fedha hiyo ilitumika wapi: talanta 100 kwa vitako, na zilizobaki kwa vifungo na vitanzi vya nguzo. Mtume Paulo naye, alipopeleka changizo Yerusalemu, alikubali kufuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije mtu akamlaumu (2 Wakorintho 8:18–21). Na senti mbili za mjane tunazijua kwa sababu Bwana aliziona, na wainjilisti wakaziandika.

Wazee wetu wa Matengenezo walifuata njia hiyo. Mwaka 1523 Luther alitoa kwa chapa, pamoja na dibaji yake, utaratibu wa hazina ya pamoja ya usharika wa Leisnig, Saksonia. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na funguo zake zilishikwa na makundi manne: wenye vyeo, baraza la mji, wenyeji wa mjini na wakulima wa vijijini. Mkulima alishika ufunguo sawasawa na mwenye cheo.

3. Yatupasayo Kutenda

Kwanza, kitabu cha matoleo kiwe na safu ya vitu na siku za kazi, si ya fedha peke yake, na jina la mtoaji au usharika liandikwe kwa ukamilifu. Pili, siku hizi michango mingi hutumwa kwa simu, na ujumbe wake hupotea simu inapoharibika. Mtunza hazina anakili kila mchango kitabuni siku ile ile. Tatu, vitabu vilivyojaa viwekwe katika masanduku yenye vifuniko, juu ya rafu isiyogusa ukuta wala sakafu, na orodha yake iwe na nakala mahali pengine, kwa mfano ofisi ya dayosisi. Nne, wanafunzi watumwe kwa wazee wa sharika wakaandike yale ambayo hayakuandikwa, maadamu wazee hao wangali hai.

Hitimisho

Gharama ya haya yote ni ndogo: daftari, kalamu, sanduku na mtu mwaminifu. Mungu hahitaji daftari letu ili amkumbuke aliyetoa. Ni sisi tunaosahau, na watakaokuja baada yetu hawataweza kuwashukuru watu ambao hatukuwaandika.